SINDROMU YA DOWN: MAMBO AMBAYO FAMILIA YETU ILICHELEWA KUAMBIWA



Juzi nilikuwa kwenye daladala ya Mbagala na mdogo wangu wa mwisho. Dada mmoja siti ya mbele akageuka, akamwangalia weee, halafu akamuuliza mwenzie kwa sauti ambayo gari zima tulisikia: "Hivi hawa wanakuwaga na ugonjwa gani?" Mwenzie akamjibu: "Wa mtindio huyo, hawaishigi sana." Mdogo wangu wala hana habari, yuko bize anampungia konda mkono na kucheka. Mimi nikanyamaza. Tukashuka nimenyamaza.

Usiku nikajilaumu. Yule dada hakuuliza kwa ubaya, aliuliza kwa sababu hajui. Na mtaani kwetu ni wachache wanaojua. Hata mama yangu mzazi, aliyemzaa, alikaa miaka 4 bila kujua mambo ya msingi kabisa, na kutojua huko kumetugharimu. Nitawasimulia mbele.

Basi leo nimekusanya kila nilichojifunza tangu wakati huo, nikakipanga kwa vichwa ili iwe rahisi kutafuta. Mimi si daktari, ni kaka mtu tu. Ila nimekaa kwenye mabenchi ya hospitali vya kutosha, nimeuliza maswali hadi manesi wakanizoea, na nimesoma sana. Kama una mtoto, mdogo wako, mpwa au jirani wa aina hii, soma hadi mwisho. Ikiwezekana printi umpelekee mama yake, shilingi mia chache tu.

1. NI KITU GANI HASA?

Mwili wa binadamu umejengwa na seli nyingi sana. Ndani ya kila seli kuna vitu vidogo vinaitwa kromosomu, ambavyo vimebeba maelekezo ya jinsi mwili utakavyokuwa. Mtu wa kawaida ana kromosomu 46: 23 kutoka kwa mama na 23 kutoka kwa baba, zinakaa mbili mbili. Zimepewa namba ili zitambulike.

Mtoto mwenye sindromu ya Down ana kromosomu namba 21 ya ziada. Badala ya 2 anazo 3, kwa hiyo jumla inakuwa 47. Ni hivyo tu! Hiyo moja iliyozidi ndo inabadilisha sura, misuli, moyo na namna ubongo unavyojifunza.

Jina limetoka kwa daktari Mwingereza, John Langdon Down, aliyeandika maelezo ya watu hawa mwaka 1866. Yeye hakujua sababu. Sababu ilikuja kujulikana karibu miaka 100 baadaye huko Paris, mwaka 1959, Jérôme Lejeune na wenzake akiwemo Marthe Gautier walipotangaza kwamba kuna kromosomu moja ya ziada.

Zipo aina tatu:

- Ya kwanza ni hiyo ya kromosomu nzima ya ziada kwenye kila seli. Hii ndiyo ya karibu watu 95 kati ya 100 wenye hali hii.
- Ya pili, kipande cha kromosomu 21 kinakuwa kimejishikiza kwenye kromosomu nyingine. Ni watu 3 au 4 kati ya 100. Hii ndiyo pekee ambayo wakati mwingine inatoka kwa mzazi aliyeibeba bila kujua, kwa hiyo wazazi nao hupimwa.
- Ya tatu, baadhi ya seli zina 46 na nyingine zina 47. Hii ni adimu zaidi.

Umoja wa Mataifa unakadiria kuwa duniani anazaliwa mtoto 1 mwenye sindromu ya Down katika kila watoto 1,000 hadi 1,100. Wapo Wazungu, Waarabu, Wahindi, Wachina na sisi. Matajiri na makabwela. Haichagui.

Kitu kingine, tusichanganye mafaili. Mtindio wa ubongo unatokana na ubongo kuumia au kutokukua vizuri kabla, wakati au muda mfupi baada ya kuzaliwa, na unashambulia hasa misuli na mwendo. Usonji nao ni kitu kingine. Mtoto mmoja anaweza kuwa na viwili kwa pamoja, lakini si kitu kimoja.

2. UTAMJUAJE MTOTO?

Mara nyingi wakunga na madaktari wanashtuka palepale anapozaliwa. Dalili wanazoziangalia ni hizi:

- Mwili mlegevu, ukimbeba anateleza kama hana mifupa
- Macho yaliyopanda kidogo kwa nje, na kikunjo kidogo cha ngozi pembeni karibu na pua
- Uso na daraja la pua vilivyolala
- Masikio madogo
- Mdomo mdogo, hivyo ulimi unatokeza
- Kiganja chenye mstari mmoja uliokatiza moja kwa moja
- Nafasi kubwa kati ya kidole gumba cha mguu na cha pili
- Shingo fupi yenye ngozi ya ziada nyuma

Angalizo! Usikimbilie kukagua viganja vya watoto wa watu. Wapo watu wengi wenye mstari mmoja na hawana chochote. Dalili moja peke yake haisemi kitu. Jibu la uhakika ni kipimo cha damu cha kuhesabu kromosomu. Kipimo hiki hakipo kila hospitali, lakini usikae kusubiri majibu ndo uanze kumhudumia mtoto. Daktari akishuku tu, uchunguzi wa moyo na mengine uanze.

3. NANI ALAUMIWE?

Hakuna. Narudia: HAKUNA.

Kwetu, mama alipojifungua, maneno yalianza kabla hata arobaini haijafika. Eti alicheka mlemavu akiwa mjamzito. Eti baba ametoa kafara apate fedha. Eti upande wa mama kuna mikosi. Shangazi mmoja alimwambia mama uso kwa uso: "Kwenye ukoo wetu hayajawahi kutokea haya." Mama alilia wiki nzima.

Ukweli ni huu. Yai la mama au mbegu ya baba inapotengenezwa, kromosomu hugawanyika. Mara chache mgawanyo unakosewa, yai linabaki na kromosomu 21 mbili badala ya moja. Ikiongezeka ile ya baba zinakuwa tatu. Hilo linatokea kabla mimba yenyewe haijatungwa, au mwanzoni kabisa. Si chakula alichokula mama, si uzazi wa mpango, si ugomvi wa ndani, si uchawi, si laana.

Kitu kinachojulikana kuongeza uwezekano ni umri wa mama. Akiwa na miaka 25 ni kama mimba 1 katika 1,200. Akiwa na 35 ni kama 1 katika 350. Akifika 40 ni kama 1 katika 100. Lakini kumbe watoto wengi wenye hali hii wanazaliwa na mama wa chini ya miaka 35! Sababu ni rahisi, hao ndio wanaozaa zaidi. Mama yetu alikuwa na 27.

Na mama aliyepata mtoto wa aina ile ya kwanza, uwezekano wa kurudia kwenye mimba nyingine ni mdogo, kama 1 katika 100, au zaidi kidogo akiwa na umri mkubwa. Kwa hiyo akina baba mnaokimbia familia mkisingizia "damu mbaya", damu haina kosa. Rudini nyumbani mkalee.

4. MOYO KWANZA! (hapa naomba usiruke)

Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down wanazaliwa na tatizo la moyo. Mara nyingi ni tundu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba vya moyo. Nusu, wadau. Ukiwa na watoto wawili wa hali hii mbele yako, mmoja yawezekana moyo wake una shida.

Sasa nisimulie yetu. Mdogo wangu alizaliwa 2013. Tangu mchanga alikuwa akinyonya anachoka, anatoka jasho kichwani, anaacha ziwa, anapumua haraka haraka. Uzito haupandi. Nimonia kila baada ya muda mfupi. Mama alimpeleka kliniki kila mwezi bila kukosa, kadi ninayo mpaka leo. Kila akiuliza, jibu lilikuwa lilelile: "Mama, watoto wa hivi ndivyo walivyo." Hakuna aliyetuambia apimwe moyo. Sisi tukaamini. Akichoka, tunasema ndivyo alivyo. Midomo ikibadilika rangi akilia, tunasema ndivyo alivyo.

Mwaka 2017, akiwa na miaka 4, daktari mmoja kijana kwenye hospitali tofauti alimwekea kifaa cha kusikiliza moyo, akanyamaza, akasikiliza tena. Akatuandikia eko. Eko ni kama ultrasaundi ile ya wajawazito, ila inaangalia moyo. Haiumi na haina sindano. Ikaonekana tundu kubwa katikati ya moyo.

Tukafurahi, tukajua sasa ataoperesheniwa. Daktari wa moyo alipomaliza vipimo vyake vyote akamkalisha mama chini. Akamweleza taratibu kwamba kwa miaka yote ile damu nyingi mno ilikuwa inasukumwa kwenye mapafu, mishipa ya mapafu ikakakamaa, presha ya humo ndani imepanda. Kwa hali hiyo kuziba tundu kunaweza kumuua. Mama akauliza: "Ningemleta lini dokta?" Akajibu: "Kabla hajafikisha mwaka. Miezi sita ya mwanzo ndiyo ilikuwa nzuri zaidi."

Sitausahau ule mwendo wa kurudi nyumbani.

Mdogo wangu bado yupo, anatumia dawa, anakwenda kliniki ya moyo. Hawezi kukimbia, ngazi anapanda akipumzika. Siandiki haya ili nilaumu mtu. Naandika kwa sababu kuna mtoto sasa hivi ana miezi miwili mahali fulani, Temeke au Tandahimba, na muda wake bado upo.

Kwa hiyo shika hili: kila mtoto mwenye sindromu ya Down apimwe eko ndani ya wiki za mwanzo, HATA KAMA anaonekana mzima, HATA KAMA daktari hajasikia mlio wowote. Wengine tundu ni kubwa na mlio hausikiki. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, inayofanya operesheni za moyo kwa watoto. Mikoani anzia hospitali ya mkoa au ya rufaa, omba barua ya rufaa. Ukiambiwa "ndivyo walivyo", jibu kwa heshima: "Sawa dokta, lakini naomba apimwe moyo." Huna haja ya kugombana.

5. MENGINE YA AFYA YA KUFUATILIA

Utumbo. Wapo wanaozaliwa utumbo ukiwa umeziba. Mtoto mchanga akitapika matapishi ya kijani, tumbo likajaa, au akamaliza siku mbili hajapata choo, usimpe dawa ya tumbo, kimbia hospitali siku hiyohiyo. Kukosa choo mara kwa mara hata ukubwani nako ni kawaida kwao, ila kukizidi aonwe.

Kunyonya. Misuli ya mdomo ni milegevu, hivyo kunyonya kunakuwa taratibu. Haina maana hawezi. Mshike kichwa kikiwa juu kuliko tumbo, mpe muda, mwamshe akisinzia. Akichoka, kamua maziwa umpe kwa kikombe kidogo au kijiko. Lakini akichoka sana na kutoka jasho, rudi kwenye kipengele cha moyo.

Tezi ya thairoidi. Ipo shingoni, inatengeneza homoni zinazoendesha nguvu za mwili na ukuaji wa ubongo. Kwao mara nyingi inafanya kazi chini ya kiwango. Mtoto anakuwa mzito, anavimbiwa, ngozi kavu, hakui, analala tu. Tatizo ni kwamba dalili hizi zinafanana na sindromu yenyewe, hivyo bila kupima huwezi kujua. Omba kipimo cha damu cha TSH akizaliwa, miezi 6, miezi 12, halafu kila mwaka maisha yake yote. Dawa yake ni kidonge cha kila siku na inafanya kazi vizuri.

Masikio. Hadi robo tatu yao wanapata shida ya kusikia, mara nyingi kwa sababu ya majimaji nyuma ya ngoma ya sikio. Mdogo wangu tulikuwa tunamwita mkaidi, kumbe hasikii! Tulivyomtibia masikio maneno yakaanza kutoka. Kipimo cha masikio kila miezi sita akiwa mdogo, baadaye kila mwaka.

Macho. Zaidi ya nusu wana shida: makengeza, kuona mbali au karibu tu, hata mtoto wa jicho tangu kuzaliwa. Hospitali ya CCBRT pale Dar, KCMC Moshi na Bugando Mwanza wana madaktari wa macho. Miwani tu inaweza kubadilisha maisha ya mtoto darasani.

Usingizi. Akikoroma sana, akiacha kupumua kidogo kisha anashtuka, au analala amekaa au amejikunja kichwa magotini, njia yake ya hewa inaziba usiku. Mchana atakuwa na hasira na kusinzia. Aonwe na daktari wa masikio, pua na koo.

Shingo. Baadhi yao mifupa miwili ya juu ya shingo imelegea. Epuka kumfundisha sarakasi za kubinua kichwa au kumrusharusha. Akianza ghafla kuyumba, kulalamika shingo, mikono kuisha nguvu au kujikojolea wakati alishaacha, usimkande, mpeleke hospitali haraka.

Damu. Saratani ya damu inawapata zaidi kuliko watoto wengine, ingawa bado ni wachache, kama mmoja katika mia. Ukiona anapauka, homa zisizoisha, michubuko isiyo na sababu au kutokwa damu puani kila mara, apimwe damu.

Maambukizi. Kinga yao ni dhaifu kiasi. Chanjo ZOTE za kadi apate kwa wakati, ya surua na ya nimonia zikiwemo. Usisikilize anayesema mtoto huyu hastahimili chanjo.

Uzito. Wakishakua wananenepa haraka. Soda na chipsi ziwe za sikukuu. Kucheza, kutembea na kudansi ni dawa.

6. UKUAJI: HABA NA HABA

Atakaa, atatembea, ataongea. Ila kwa saa yake. Kwa wengi muda ni huu:

- Kukaa mwenyewe: miezi 6 hadi 30
- Kutambaa: miezi 8 hadi 22
- Kutembea: mwaka 1 hadi 4
- Neno la kwanza: mwaka 1 hadi 4
- Kuomba kwenda chooni: miaka 2 hadi 7

Wa kwetu alitembea akiwa na miaka 3 na miezi kadhaa, kutoka kwenye mkeka hadi kwa bibi. Mtaa mzima ulipiga vigelegele.

Kinachosaidia ni kuanza mapema. Usimlaze chali kutwa nzima kwa kumhurumia. Mlaze kifudifudi akiwa macho, mbele yake weka kikombe cha rangi akifuate. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo atawaonyesha namna ya kumshika, halafu mnafanya nyumbani kila siku. Dakika kumi asubuhi na kumi jioni zinashinda kliniki moja ya mwezi.

Kuongea ndiko kunachelewa zaidi, lakini kuelewa kunatangulia. Anaelewa mengi kuliko anavyosema! Kwa hiyo chunga mnayoyasema mbele yake. Ongea naye sentensi fupi, mwangalie usoni, tumia ishara za mikono pamoja na neno: "maji", "kula", "njoo". Ishara hazimzuii kuongea, zinamsaidia wakati maneno yanakuja. Na wengi wanajifunza vizuri kwa kuona kuliko kwa kusikia. Picha, nyimbo, kuigiza.

7. SHULE

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inasema mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kusoma. Tanzania pia iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Kwa hiyo mwalimu mkuu akisema "huyu mkae naye nyumbani", hiyo si sheria.

Zipo shule maalumu, zipo shule za kawaida zenye kitengo cha elimu maalumu, na zipo shule jumuishi ambapo wanachanganyika. Dar mfano ni Uhuru Mchanganyiko na Sinza Maalum. Walimu wa elimu maalumu wanafundishwa Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Ukikwama nenda kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri yako, mtaje kwa cheo chake, atakuelekeza shule yenye kitengo.

Wengi wanajifunza kusoma. Hesabu zinawasumbua zaidi. Mdogo wangu anaandika jina lake, anasoma vibao vya daladala, na noti anazijua kwa rangi. Anamsaidia mama kuuza barafu. Ukimpa pungufu atakuangaliaaa hadi uongeze.

8. UJANA NA UTU UZIMA

"Hawaishi sana." Maneno ya kwenye daladala yale. Yalikuwa na ukweli zamani. Kule Marekani mwaka 1960 mtu mwenye sindromu ya Down alitegemewa kuishi miaka kama 10. Leo ni kama 60. Kromosomu ni zilezile. Kilichobadilika ni operesheni za moyo, dawa za kuua bakteria, na kuacha kuwafungia kwenye majengo ya mbali. Hesabu ya miaka yao kwa sehemu kubwa iko mikononi mwetu.

Balehe inakuja kama kwa mwingine yeyote. Binti anapata hedhi, kijana anaota ndevu na kupenda. Msichana anaweza kushika mimba. Wafundisheni mapema majina ya sehemu za mwili, mguso mzuri na mbaya, na kusema HAPANA kwa sauti. Watu wabaya wanawatafuta kwa sababu wanadhani hawataweza kusema. Likitokea, ni kosa la jinai, nendeni polisi dawati la jinsia na watoto, msimalizane kifamilia.

Wakifika miaka 40 na kuendelea, wengi wanaanza kupoteza kumbukumbu mapema, ule ugonjwa wa Alzheimer. Sababu ni kwamba jeni moja inayohusika na protini inayojazana ubongoni ipo kwenye kromosomu 21, na wao wanazo tatu. Ila mtu mzima akibadilika ghafla msikimbilie kusema ni uzee. Pimeni thairoidi, masikio, na mumuulize kama ana huzuni. Akifiwa anaumia kama wewe.

Na mafanikio je? Chris Nikic wa Marekani alifanyiwa operesheni ya moyo akiwa na miezi 5. Novemba 2020, akiwa na miaka 21, aliogelea kilomita karibu 4, akaendesha baiskeli kilomita 180, kisha akakimbia kilomita 42, siku moja, akawa mtu wa kwanza mwenye sindromu ya Down kumaliza mashindano ya Ironman. Pablo Pineda wa Hispania amemaliza chuo kikuu. Huko hukohuko Hispania, Mar Galcerán aliingia bunge la jimbo la Valencia mwaka 2023. Na hapa kwetu kuna vijana wanaoiwakilisha Tanzania kwenye Special Olympics, michezo ya watu wenye ulemavu wa akili iliyoanza mwaka 1968.

Nikisoma habari ya Nikic huwa naishia kwenye ile miezi 5. Narudia kuisoma.

9. MANENO TUNAYOTUMIA

Zamani madaktari wenyewe waliwaita kwa jina la watu wa Mongolia, kwa sababu ya macho. Mwaka 1965 Mongolia ikaliomba Shirika la Afya Duniani liache, na likaacha. Kama wakubwa wale waliweza kubadilisha, na sisi mtaani tunaweza kuacha "taahira", "zezeta" na "punguani". Sema "mtoto mwenye sindromu ya Down". Au mwite jina lake, analo.

Siku yao duniani ni tarehe 21 mwezi wa 3, yaani kromosomu 21 zikiwa 3. Umoja wa Mataifa unaiadhimisha tangu 2012. Watu wanavaa soksi zisizofanana siku hiyo. Ukimwona mtu kavaa soksi pacha mbovu Machi 21, usimcheke.

10. KWA MZAZI ALIYEPATA MTOTO LEO

Fupi, kata ubandike ukutani:

- Mbebe. Mpe jina. Pokea pongezi, umepata mtoto.
- Hakikisha anapata choo na hatapiki kijani.
- Omba eko ya moyo. Usitoke bila tarehe.
- Omba kipimo cha TSH, masikio na macho.
- Omba kipimo cha kromosomu kama kinapatikana.
- Chanjo zote.
- Anza mazoezi kwa mtaalamu wa viungo.
- Tafuta mzazi mwingine mwenye mtoto kama wako. Mmoja tu anatosha kuanzia.
- Nenda kwa afisa ustawi wa jamii, muulize misaada iliyopo. Kwenye mikopo ya halmashauri asilimia 2 imetengwa kwa watu wenye ulemavu.
- Andika kila kitu kwenye daftari moja. Tarehe, dawa, jina la daktari.

Mama yangu anapenda kusema kuzaa si kazi, kazi kulea. Siku hizi akisikia kuna mtoto wa hali hii amezaliwa, hata kama ni Chamazi huko, anapanda bajaji. Hapeleki khanga wala sabuni. Anakwenda na swali moja: "Moyo mmempima?"

Na yule dada wa kwenye daladala, kama umepita hapa ukasoma, jibu lako ndo hili. Anaitwa mdogo wangu, ana kromosomu moja ya ziada. Na anapenda sana siti ya dirishani.

Wenye uzoefu, madaktari mnaosoma, wazazi, tiririkeni hapo chini kwenye maoni. Nikikosea mahali nisahihisheni. Matusi kwa hawa watoto nafuta bila taarifa.

Nawasilisha.